Luhende Kwenye Kideo

Lukresia alisimulia hivi. Alikuwa amekaa zake kwenye banda la kideo la Kasmiri, nyuma ya soko la Bariadi, hana hili wala lile, anasubiri picha ya mapigano ianze, mara Luhende akatokea. Si mtu aliyefanana na Luhende. Luhende mwenyewe, mume wa Felisita, yule aliyezikwa kijijini Zagayu na Lukresia akala ugali wa msiba wake. Akatokea ndani ya kioo cha televisheni anatembea, bega la kushoto limeinama vilevile, amebeba robota la pamba. Akalitua penye mizani, akacheka. Lukresia aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba Luhende alimtazama usoni, akamtambua, akatikisa kichwa kama mtu anayeitikia salamu. Banda zima likanyamaza. Mzee mmoja akavua kofia. Na sauti ya mtu wa kampuni ya pamba ikasema, mtazameni huyu, huyu ndiye mkulima hodari.

"Hodari," Lukresia alirudia, akijipangusa jasho la shingo kwa ncha ya kanga. "Na wewe umekaa hapa unakatakata viazi, mumeo anatazamwa na mji mzima."

Felisita aliendelea kukata viazi vya michembe vipande vyembamba na kuvitandaza juani juu ya jiwe. Alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, na mwisho ukifika, anasikiliza tena kidogo. Alimjua jirani yake. Habari ikipita mdomoni mwa Lukresia hutoka imenenepa. Ile ya kofia ya mzee hakuiamini, na ile ya kutikisa kichwa pia hakuiamini. Lakini bega la kushoto lililoinama aliliamini, kwa sababu bega lile Lukresia asingeweza kulitunga.

Ikawa jambo limeingia ndani ya nyumba, halitoki.

Sababu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa Gloria. Gloria alikuwa bado anatambaa baba yake alipokufa, na Luhende hakuacha picha hata moja. Mtu wa kupiga picha alikuwa akipita Zagayu siku za Krismasi, na kila Krismasi Luhende alisema mwaka kesho. Sasa mtoto alikuwa amefika umri wa kuuliza. Aliuliza baba alikuwa mrefu kama nani. Aliuliza kama alikuwa na ndevu. Felisita alijibu na kujibu, na kila akijibu aliona mtoto anashika kitu kisichokuwapo. Tena usiku mmoja yeye mwenyewe alijaribu kuukumbuka uso ule akakuta pua imepotea. Alikumbuka macho, alikumbuka mdomo, pua akaikosa. Jambo lile lilimtisha kuliko kilio chote cha matanga.

Na habari ya kupigwa picha ilikuwa ya kweli, aliikumbuka. Mwaka ule ushirika ulikuwa umelegea, na makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameingia kununua pamba, kila kampuni na mizani yake, kila kampuni na kofia zake za kugawa. Luhende alikuwa amerudi kutoka kwenye mauzo anatembea kama mtu aliyeongezewa ng'ombe. "Kuna jamaa wa Dar ana kamera begani, kubwa kama mtoto wa mbuzi," alisema. "Kanipiga mimi, kawaacha wengine wote. Nimemwambia aniletee na mimi nijione." Hawakuleta. Masika yaliyofuata homa ilimchukua.

"Tutakwenda kumwona baba," Felisita alimwambia Gloria asubuhi ile alipokuwa akimwogesha.

"Amerudi?"

"Hajarudi. Yumo kwenye kideo. Utamwona anatembea, halafu basi, anaondoka."

Gloria alifikiri, povu la sabuni limemjaa masikioni. "Na yeye ataniona?"

"Hapana. Ni wewe tu utakayemwona."

Mtoto akaridhika, akataka kuvaa gauni la kanisani. Felisita akamvalisha. Yeye mwenyewe akajipaka mafuta miguuni na kufunga kitenge kile kizuri, halafu akaona aibu, akakifungua, halafu akakifunga tena. Lukresia alikuwa ameshafika mlangoni, amejitanda kanga mpya. Alisema atawasindikiza, maana Mama Gloria hajawahi kuingia bandani na wale vijana hawana adabu kwa mgeni.

Adabu kweli haikuwapo. Banda lilikuwa la udongo, limeezekwa bati, na madirisha yalizibwa kwa magunia ya pamba ili jua lisiingie, na hewa nayo haikuingia. Felisita alipoinamisha kichwa kupita mlangoni, harufu ilimpokea kama mkono wa mtu aliyemshika mdomo. Jasho la watu waliotoka mnadani bila kunawa. Petroli ya jenereta. Mayai ya kuchemsha. Na kutoka ukuta wa nyuma, ambako wanaume walikuwa hawaoni haja ya kwenda mbali, mkojo wa juzi na wa leo. Sakafu ilikuwa ya udongo lakini ilikuwa inanata. Watu walikuwa wanatafuna miwa na kutema makapi pale pale walipokaa, kati ya miguu yao na ya wenzao, makapi meupe yenye mate. Aliyekaa mbele yao alikuwa na kamasi. Alizipenga kwa vidole na kuvipangusa kwenye benchi, bila kugeuka, kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku.

Felisita akampakata mtoto juu ili gauni lisiguse kitu. Moyoni alijisemea, nimemleta mtoto kumwonyesha baba yake katika choo.

"Mayu," Gloria aliita, jina la mama kwa lugha ya kwao, "mbona usiku?"

"Ni mchana. Wamezima jua."

Mtoto alimshika sikio, kama alivyozoea kufanya akiogopa. Mbele kabisa, juu ya meza iliyofungwa kwa mnyororo, ilikuwapo televisheni, na chini yake deki, na kando ya deki alikaa Kasmiri mwenyewe, mwenye banda, kijana wa nywele za dawa, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Akaingiza mkanda. Kioo kikawaka buluu na uso wa kila mtu ukawa wa buluu.

Ng'ombe wakatokea. Gloria akaachia sikio.

"Mayu, wale ng'ombe wamewaingizaje?"

"Ni picha yao."

"Wanakunywa maji wapi?"

Kijana mmoja nyuma akasema, "Wanakunywa kwenye deki, mjukuu wangu, Kasmiri anawanywesha petroli," na watu wakacheka, na Gloria naye akacheka kwa furaha, maana alikuwa amejibiwa na mtu mzima. Kwa muda ule mfupi Felisita alisahau sakafu. Alitazama uso wa mtoto, mdomo wazi, ng'ombe wadogo wanapita ndani ya macho yake, akaona kwamba amefanya vema kuja.

Ulikuwa ni mkanda wa kampuni. Kasmiri aliuweka kila siku kabla ya picha yenyewe, kwa sababu ile deki alipewa na watu wa kampuni kwa masharti hayo. Zilionyeshwa lori za kampuni. Ilionyeshwa pamba nyeupe, na mzungu anaishika na kutabasamu. Sauti ya mwanamume, sauti laini ya redioni, ilikuwa ikisema juu ya pamba safi na faida za pamba safi. Kisha muziki ukabadilika, ukawa wa kutisha, kama wa picha za majambazi, na watu bandani wakaanza kukaa vizuri na kugongana viwiko. Walijua kinachokuja. Felisita aliliona hilo. Akaona na kitu kingine: Lukresia, aliyekaa ubavuni kwake, alikuwa hatazami kioo. Alikuwa anamtazama yeye.

Luhende akaingia.

Aliingia kutoka upande wa kushoto, robota begani, bega limeinama, na pua yake ilikuwa pale pale inapotakiwa kuwa, pana, yenye kovu dogo la ndui. Felisita alitaka kusema, yule, baba yako yule, lakini alibaki anaitazama ile pua. Luhende akatua robota mbele ya mizani. Akainama, akachukua kibuyu, akanywa funda moja kubwa, mashavu yakavimba. Akalisimamia robota, akapuliza. Maji yakatoka mdomoni mwake kama mvua nyembamba, yakashukia pamba, mara ya kwanza huku, mara ya pili huku.

"Mkulima huyu," ile sauti laini ikasema, "anaitemea pamba yake mate ili aongeze uzito kwenye mizani. Huu ndio uchafu unaoiangusha pamba yetu. Je, wewe ungependa kuvaa shati lenye mate ya huyu?"

Banda likapiga yowe la kinyaa. "Aaakh," wakasema wanaume waliokuwa wamekanyaga mate yao wenyewe, "fisi huyo." "Ndiyo maana pamba ya Zagayu wanaikataa." "Mtazame kidevu." Na kwenye kioo Luhende alikuwa anapangusa kidevu kwa mgongo wa mkono na kucheka, anacheka na yule mwenye kamera kama mtu anayecheka na rafiki.

Gloria alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Akasema, kwa sauti ya kubembea, jinsi watoto wanavyosema wakiwa wanawacheka wenzao, "Mchaafu. Mayu, yule mchafu." Na akacheka mpaka mwili wake mdogo ukatikisika juu ya mapaja ya mama yake.

Felisita aliyajua maji yale. Ilikuwa desturi ya nyumba ya kina Luhende, toka kwa baba zake. Pamba ya kwanza ya mwaka haikupanda mizani kabla ya mwenye nyumba kuipuliza maji safi yaliyokorogwa unga wa mtama kidogo, ili jasho la shamba lipoe na fedha itakayopatikana isiwe ya magomvi. Walipuliza mbegu. Walipuliza ndama. Siku Felisita alipofikishwa kwao, bibi harusi aliyekuwa anatetemeka, baba mkwe alimpulizia maji yale kifuani na shingoni, yakawa baridi, akaacha kutetemeka. Na Gloria, kitovu kilipodondoka, Luhende alimpulizia usoni, mtoto akapiga chafya, na wote wawili wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Jambo lile la kuongeza uzito halikuwapo. Funda moja la maji kwenye robota zima lingemwongezea mtu nini? Hata mtoto angeona. Lakini aliyeshika kamera alikuwa ametoka Dar, na aliyetia maneno baadaye hata hakuwapo, na hakuna aliyeuliza.

Hayo yote aliyajua. Lakini lipo jambo moja ambalo lilimtokea pale juu ya benchi, na hilo hakulijua kabla. Luhende alipokuwa anapangusa kidevu, uzi wa mate ulibaki umening'inia, ukang'aa. Kwa pumzi moja Felisita alimwona kama walivyomwona wao. Aliona mdomo wa mtu, umelowa, na kitu kinachotoka ndani yake. Akasikia kinyaa, kinyaa cha kweli, kile kinachopandisha mate chini ya ulimi. Kinyaa juu ya mdomo ambao alikuwa ameulilia. Alijichukia pale pale, lakini kilikuwa kimeshapita ndani yake, kama nzi aliyekwisha kumezwa.

"Rudisha," mtu akapiga kelele nyuma. "Kasmiri, rudisha pale pa mate."

"Rudisha, rudisha."

Kasmiri akatabasamu na njiti yake mdomoni, akabonyeza. Kwenye kioo maji yalipanda kutoka kwenye pamba yakarudi mdomoni mwa Luhende, Luhende akayarudisha kwenye kibuyu, akabeba robota akatembea kinyumenyume mpaka akatoka. Watu walishika mbavu. Kisha akaingia tena.

Felisita akaweka kiganja juu ya macho ya Gloria.

"Sioni," mtoto akalalamika, akivuta kiganja kwa mikono miwili. "Mayu, sioni."

Yeye aliona. Alitazama kwa macho yote, akitafuta ile sehemu ya mwanzo, kabla ya kibuyu, pale ambapo Luhende alikuwa mtu tu anayetembea na mzigo wake. Ilikuwa fupi mno. Ilikwisha kabla hajashiba, na ile sauti ikaanza tena, na ukelele ule ule wa kinyaa, na mwenye kamasi mbele yao safari hii akaiga: akanywa maji ya chupa, akapulizia wenzake, na matone yakamfikia Felisita mkononi. Yalikuwa ya uvuguvugu.

"Mama Gloria," Lukresia akasema, si kwa kunong'ona, "mbona unamziba mtoto macho? Mwache amwone baba yake."

Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine, vya buluu vyote.

"Baba yake nani?"

"Si ndiye huyo wa mate," Lukresia akasema. "Huyu ndiye mjane wake. Mimi nilimwambia aje."

Kisha yule kijana aliyemwita Gloria mjukuu akasema polepole, "Sasa mama, na nyumbani alikuwa anatemea ugali?" Wakacheka, lakini si wote. Mwenye kamasi aliteremsha chupa. Mzee mmoja kando ya ukuta alitazama miguu yake. Kofia alikuwa amevaa.

Felisita alisimama na mtoto. Alimtazama Lukresia. Jirani yake alikuwa na uso wa mtu aliyekula akashiba, midomo inang'aa, macho yanataka kuona zaidi. Zipo chumvi ambazo Felisita alimpa mwanamke huyu, na moto wa jikoni, na siku ya msiba alimlaza mtoto wake mgongoni mwa mwanamke huyu.

"Dada Lukresia," alisema, "uliniambia walisema hodari."

"Si ungekataa kuja kama ningekwambia yale mengine?"

Felisita alipita katikati ya magoti ya watu, makapi yakimnasa kwenye ndala, mpaka mbele kwa Kasmiri. Picha ya mapigano ilikuwa imeanza na watu walikuwa wameshamsahau, wanapiga miluzi.

"Mwadila, kaka," alimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Mwadila, mama."

"Kile kipande. Yale si mate, ni maji ya baraka, kwao wanapuliza hivyo. Naomba ukiruke."

Kasmiri alitoa njiti mdomoni akaitazama ncha yake. Hakuwa mtu mbaya wa sura. "Mama, mkanda si wangu, na deki si yangu. Wakija wakakuta nimeruka wanabeba vyote. Na hawa nao," akaonyesha banda kwa kidevu, "wengine wanakuja kwa ajili ya kile kipande. Pole sana." Akarudisha njiti mdomoni.

Nje jua lilikuwa limesimama juu ya soko kama lilivyoachwa. Felisita alikwenda mpaka kwenye mifugo ya mnadani, akamweka Gloria chini, akatema. Alitema tena. Mate yalikuwa hayaishi. Alipangusa mkono pale matone yalipomwangukia, akaupangusa kwa kitenge, akauosha kwenye maji ya kunyweshea ng'ombe, na bado alihisi uvuguvugu wake. Kisha akajikuta anapangusa kidevu kwa mgongo wa mkono, akaacha haraka.

Lukresia hakutoka. Alikuwa amebaki kuangalia picha, kiingilio asingekiacha kiende bure.

Walitembea. Gauni la kanisani la Gloria lilikuwa limepata doa la juisi ya muwa upande wa nyuma. Walipita wauza mitumba. Walipita mashine ya kusaga. Felisita alikuwa anatafuta maneno. Angeweza kusema, yule ndiye baba yako, na yale ni maji ya baraka, hata wewe alikupuliza. Ni maneno machache, mtoto angeyaelewa. Lakini mtoto alikuwa ameshacheka. Alikuwa ameshasema mchafu, na angekuja kukumbuka kwamba alisema. Na yeye Felisita, akiyasema maneno hayo, ingembidi ayaseme kwa mdomo uliokwisha kujaa mate ya kinyaa juu ya baba huyo. Angeweza pia kusema kwamba baba hakutokea leo, kwamba mkanda ulikuwa mwingine. Basi baba angebaki bila pua, na yule mtu wa mate angebaki mtu wa mate tu, asiye wa mtu yeyote.

Mtoto alisimama. Alikuwa amemshika mama yake kidole kimoja, akakivuta.

"Mayu."

"Naam."

"Mama Lukresia alisema baba alikuwemo."

Felisita alitazama mbele, barabara ya vumbi, ng'ombe wa mtu wanavuka bila haraka.

"Baba alikuwa yupi?" Gloria akauliza. Alisubiri, uso umeinuliwa, jicho moja limefumba kwa sababu ya jua. "Mayu, turudi ukanionyeshe."